Mzungu akilalamika ni maoni, sisi tukilalamika ni roho mbaya

Haipiti wiki siku hizi bila klipu moja kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mtu kakaa mezani, sahani iko mbele, anamgeuza kuku kwa uma na kusema "jamani hii ndo chips kuku ya elfu 28, na nimeisubiri saa nzima na robo". Basi hapo komenti zinagawanyika. Kuna wanaocheka na kuongeza za kwao, mi pale waliniletea juisi ya boksi wakaniambia wamekamua wenyewe, mi pale choo hakina maji, na kuna wanaomshukia aliyerekodi kwamba anaharibu riziki ya watu, ana roho ya kwa nini, kama ana njaa si angepika kwake. Ikifika siku ya tatu kuku keshasahaulika kabisa, mjadala umehamia kwenye malezi ya aliyerekodi.

Na karibu kila anayelizungumzia jambo hili, awe anatetea au anapinga, analichukulia kama suala la adabu. Eti kizazi cha simu kimekosa staha, au kinyume chake, eti wafanyabiashara wetu wamezoea kudekezwa. Mi naona wote wamebisha hodi nyumba siyo. Ukali haujaanza leo. Mahoteli na migahawa yetu imekuwa ikisemwa hadharani, kwa majina na kwa picha, miaka ishirini na kitu sasa, na maneno mengine yalikuwa makali kuliko haya ya kwenye klipu, ila waliokuwa wanasema ni wageni na walisema kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Kilichobadilika ni msemaji. Kwa hiyo tunachogombania hapa, hata kama hatukitaji, ni nani anahesabika kuwa mteja, yaani yule ambaye akikunja uso tu meneja anatoka ofisini, na nani ni mpita njia mwenye hela ambaye anatakiwa alipe, ashukuru, aondoke.

Turudi nyuma kidogo. Hii kazi ya kuandika maoni kuhusu sehemu za kula ilizaliwa kwa ajili ya msafiri. Mwongozo wa Michelin ulitoka Ufaransa mwaka 1900 na waliouchapisha ni watengeneza matairi, walitaka wenye magari wazunguke zaidi ili matairi yaishe wanunue mengine, nyota zenyewe za kusifia migahawa zikaja mwaka 1926. Tripadvisor ilipoanza mwaka 2000 nia ilikuwa ile ile, mtu wa mbali asiyeujua mji ajue pa kulala na pa kula. Mwenyeji hakuhitaji kitabu, ana jirani. Kwa hiyo na kwetu mambo haya yaliingia kwa mlango wa utalii, pita Mji Mkongwe, pita Nungwi, Diani au Arusha, uangalie milango ya migahawa, ile stika ya kijani ya Tripadvisor yenye bundi imebandikwa kwa fahari, na hapo ni sisi hawa hawa ambao bundi akilia juu ya paa hatulali. Mwenye mgahawa aliipenda stika kwa sababu inaleta wateja, na alijua kabisa kwamba nyuma ya stika kuna watu wanaandika supu ilikuwa ya baridi, bili ilikosewa, mhudumu hajui kilichomo kwenye menyu ya kwake mwenyewe. Anawajibu kwa upole, asante mgeni wetu, tutayafanyia kazi, karibu tena. Sijawahi kusikia mtu akimwambia Mjerumani kwamba ana roho mbaya.

Msije mkadhani Mswahili alikuwa hajui kukosoa chakula mpaka TikTok ilipomfundisha. Hakuna mkosoaji mkali chini ya jua kama shangazi aliyetoka harusini. Pilau lilikuwa na kiini, nyama waliihesabu, biriani rojo lake maji matupu, wali umekuwa bokoboko mpaka watoto wameukataa, na hayo yote yanasemwa kabla hata gari halijatoka kwenye geti la ukumbi. Mabaraza yetu yamefunga hoteli nyingi tu bila mtu kuandika herufi moja. Ila ukosoaji wa baraza ulikuwa na breki zake, na hili ndo watu hawalioni. Kila msikilizaji anajua shangazi ana ugomvi na mama wa bibi harusi tangu mambo ya mchezo wa upatu, kwa hiyo maneno yake anayapunguza nusu. Aliyesemwa naye habari zinamfikia, anatuma majibu. Na harusi nyingine ikija ile ya kwanza inasahaulika. Klipu haina vyote hivyo, anayeiangalia hajui msemaji ni nani wala kalipwa na nani, na mwaka kesho itakuwa bado inazunguka hata kama mpishi keshabadilishwa. Hapo wanaolalamika wana hoja ya kweli, nitairudia.

Sasa mwenyeji alifikaje mezani? Kwa maoni yangu mwaka 2020 ulisukuma sana. Ndege zilisimama, wageni wakaisha, hoteli za pwani ya Kenya na za Zanzibar ambazo mwenyeji alikuwa anaziona kwa nje zikaanza kumtangazia bei za wenyeji, familia njoo, wikiendi njoo, watoto nusu bei. Ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone ukageuka, ikawa mwenyeji njoo hoteli ipone. Na mtu akishalipa hela yake halali, kwa lipa namba au kwa noti, anakuja na mdomo wake pia, haviachani. Wageni waliporudi, baadhi ya sehemu zilitaka mwenyeji aache hela na mdomo aende nao.

Nina kisa kimoja tu na nitakisema kwa kifupi. Miaka michache iliyopita tulikaa wanne kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, jina liacheni, hatujaletewa hata menyu, wakaja wageni wawili wamekaa meza ya pili, dakika tano wana maji, wana mkate na siagi, wanacheka na mhudumu. Nikamwita yule kijana, mpole sana, nikamuuliza sisi vipi. Akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka tuvumilie, wale wanaandika."

Nimelifikiria lile neno sana kuliko chakula chenyewe. Yule kijana hakuwa mbaguzi, alikuwa anafanya hesabu. Kafundishwa kwamba malalamiko ya meza ile yanaonekana na bosi na ya meza hii yanaishia parking. Kumbe huduma inafuata kalamu, na ukitaka kujua kwa nini mwenyeji ameanza kuandika kwa simu yake, jibu ni hilo, alishaona anayeandika ndo anayehudumiwa. Na siyo kwetu tu. Mwezi Machi 2015 iliripotiwa Nairobi kwamba mgahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani hauruhusu Waafrika kuingia baada ya saa 11 jioni, kisingizio usalama, ndani ya nchi ya Waafrika wenyewe. Serikali ikaufunga haraka, lakini baada ya mambo kutoka gazetini na watu kuwaka mtandaoni. Wale waliorudishwa mlangoni siku zote za nyuma si walikuwepo? Walirudi nyumbani wakawahadithia wenzao, basi.

Au angalia Marekani, ambako watu wetu wanapenda kusema wenzetu wamestaarabika kwenye huduma. Keith Lee wa Las Vegas, aliyekuwa mpiganaji wa MMA, yale mapigano ya ngumi na mateke, kabla hajawa maarufu TikTok kwa kuonja na kupima vyakula vya migahawa, alikwenda Atlanta Oktoba 2023. Utaratibu wake unajulikana, anatuma familia iingie iagize, analipa mwenyewe, anakula ndani ya gari ili asitambulike. Sehemu moja familia ikaambiwa isubiri saa nzima na zaidi, alipojitokeza yeye na wakamjua, ghafla meza ikapatikana dakika chache tu. Akakataa kukaa. Mji mzima ukagombana mwezi ule na wengi walidhani wanabishania chakula, wakati chakula pale hata hakikuonjwa. Ni yale yale ya kijana wa ufukweni, wale wanaandika, ila safari hii aliyeandika ni mtu mweusi na waliotajwa ni migahawa ya watu weusi, na neno lililotumika kumsema ni lile lile tunalotumia sisi, kwamba anawaangusha wa kwao.

Na sisi wenyewe tusijifanye wasafi, maana mwenyeji huyu huyu akisafiri anageuka. Mtu akikaa Paris dakika 50 bili haijaletwa, kwa sababu kule mhudumu hakuletei mpaka uombe, anaposti picha ya kahawa na maneno kwamba wenzetu wanajua kuishi, hawana haraka. Akikaa dakika 50 Sinza ni uzembe wa Kiafrika. Italia wanamwekea coperto kwenye bili, hela ya kukaa na mkate ambao pengine hakuugusa, analipa na kusema ndo utamaduni wao. Huku akikuta asilimia 10 ya huduma anaita wizi. Sisemi huduma ya kwetu ni nzuri, mara nyingi siyo, menyu ina vitu 40 na ukiagiza unaambiwa leo kuna wali kuku na wali samaki, samaki mwenyewe ngoja niulize jikoni. Nasema tu kwamba mtu anayekosoa kwao na kusifia kila cha ng'ambo hajatoa maoni ya wazi, kabadilisha woga tu, ng'ambo anamwogopa nani?

Kutoa maoni ugenini kunahitaji kujua mashine inavyozunguka, vinginevyo unampiga asiyehusika. Mfano bakshishi. Watu wetu wakifika Marekani wanakasirika kuombwa asilimia 18 au 20, na mtu akiona chakula kimechelewa anaona adhabu nzuri ni kuacha sifuri. Sheria ya shirikisho kule inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango hakijapanda tangu 1991, inayobaki inategemewa itoke mfuko wa mteja. Majimbo mengi yanalipa zaidi lakini yapo yaliyobaki hapo hapo. Sasa jiko limechelewa, umemkata mshahara aliyebeba sahani, na mwenye mgahawa hajui hata kama ulikasirika. Ufaransa mambo ni tofauti kabisa, huduma ishaingizwa kwenye bei ya menyu, unachoacha ni sarafu za kushukuru. Uingereza mara nyingi wanaweka asilimia 12.5 ya huduma kwenye bili, unaweza kuomba iondolewe bila ugomvi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi hela yote hiyo. Lile ndo swali la kuuliza hapa kwetu tukiona service charge kwenye risiti, inakwenda kwa nani, na ukiwauliza wahudumu wenyewe kwa siri wengi wanacheka tu.

Kuna upole mwingine wa ng'ambo unaonikera zaidi, ule wa tumsapoti mwenzetu. Mtu kafungua mgahawa wa Afrika Mashariki London au Minneapolis, chapati zimekauka, maharage ya kopo, watu wanakula wananyamaza, wanampa nyota tano kwa sababu alipika mtu wa Tanga. Nia nzuri, najua. Matokeo yake ni mgahawa unaoishi kwa hamu ya wanaokumbuka nyumbani na mgeni wa nje akiingia mara moja harudi, na anaondoka anaamini chakula cha Waswahili ndo kile. Wenzetu wa Afrika Magharibi pale London wamekubali kupimwa kwa mizani ya kila mtu, Februari 2024 migahawa miwili ya chakula cha Afrika Magharibi, Akoko na Chishuru, ikapata nyota ya Michelin. Siyo kwamba nyota ya Michelin ndo pepo, wali wa jollof haukusubiri kampuni ya matairi ili uwe mtamu, ila hakuna aliyewaonea huruma na hawakuiomba.

Haya, hoja za upande wa pili. Kuna moja inayotoka pwani ambayo siichukulii kirahisi, kwamba chakula hakitukanwi. Ni mafundisho, Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia ila chakula, akikipenda alikula na asipokipenda alikiacha. Nimelelewa hivyo na mpaka leo nikialikwa kwa mtu nakula kilichopo na kushukuru. Lakini mgahawani hukualikwa, umeuziwa, na biashara ina mafundisho yake katika dini hiyo hiyo. Kuna hadithi ya yule muuza nafaka sokoni, Mtume alitia mkono ndani ya lundo akakuta chini kumelowa, akamuuliza kwa nini hukuiweka juu watu waione, kisha akasema anayeghushi si katika sisi. Lile lundo lilisemwa pale pale sokoni, mbele ya macho, na kilichokosolewa ni kuficha, nafaka haikutukanwa. Hapo naona mpaka uko wazi kabisa: kusema "hiki chakula kichafu, nyie washamba hamjui kupika" ni kutukana, kusema "menyu imeandika samaki wa leo nikaletewa wa kwenye friza kwa elfu 35" ni kutia mkono ndani ya lundo.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya mfanyabiashara mdogo. Mama ntilie ana sufuria tatu, mtaji wa kuungaunga, anakuja kijana mwenye wafuasi laki nne anapiga zoom masizi ya sufuria na kucheka, kesho yule mama hana mteja. Hilo ni uonevu na sitalitetea. Kwangu kipimo ni ahadi. Sahani ya wali maharage ya 2,000 inaahidi joto, usafi na shibe, ikitimiza imemaliza, usije ukaniambia hakuna tissue. Pasta ya 35,000 Masaki inaahidi vingine kabisa na inastahili kuhojiwa kwa kila kimoja. Tena wadogo wananufaika na maoni kuliko wanavyoumia, mkubwa ana hela ya mabango na mdogo ana mdomo wa wateja tu, huyo huyo Keith Lee Januari 2023 aliutaja mgahawa mdogo wa piza Las Vegas, Frankensons, uliokuwa unakaribia kukosa watu, ukapata foleni mpaka nje. Ingawa foleni nayo si mchezo, mtu wa sufuria tatu ukimletea watu mia mbili kwa siku moja umempa mtihani mwingine.

Halafu kuna hoja hii ya watu wa kula bure. Ni kweli, na ni uozo. Mtu anaingia na kamera, nipe laki tatu na meza ya watu sita nikuposti, na akinyimwa anaondoka akikuangalia kwa jicho la utakiona. Anayelipwa kusifia na anayetishia kuponda ni mtu mmoja, siku tofauti tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sikuhizi kibaya kinatembezwa kwa kulipiwa. Lakini hili ugonjwa wake uko zaidi kwenye sifa kuliko kwenye lawama, na nyota za mitandao mikubwa hazijapona pia. Mwaka 2017 jamaa mmoja London, Oobah Butler, alisajili banda la bustani kwake kama mgahawa kwenye Tripadvisor, akapanga marafiki waandike maoni, banda likapanda mpaka namba moja London bila kuuza hata kijiko cha supu. Ndo maana Marekani Oktoba 2024 ilianza kutumia kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia na Uingereza ikafuata na yake Aprili 2025. Kwa hiyo mi klipu ya Kiswahili yenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inayoonekana, tarehe na saa, naiamini kuliko nyota 4.8 zisizo na sura.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopigiwa makofi kuliko zote, ni hii ya kama hupendi pika kwako. Ukiifuata hiyo basi usimseme dereva wa daladala, tembea kwa miguu, wala usimseme fundi aliyekuharibia suti ya sendoff, jishonee. Mtu amelipa bei iliyoandikwa pamoja na kodi ya VAT, Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 46 inasema waziwazi mlaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, sasa wewe unamwambia haki yake ipo jikoni kwake? Wenye busara kidogo wanasema mwambie meneja kwanza. Hiyo naikubali kabisa, sema mezani kabla hujasema mtandaoni, mwite, mpe nafasi abadilishe sahani, na akibadilisha useme pia kwamba alibadilisha. Lakini msijifanye hamjui kwamba meneja huyo anatoka haraka zaidi akiona kamera.

Na kabla hujawasha kamera jua na sheria, maana hapa hata ng'ambo siyo peponi kama watu wanavyodhani. Mwaka 2014 mahakama Ufaransa ilimwamuru mwandishi mmoja wa blogu alipe euro 1,500 kwa sababu kichwa cha habari chake kiliutaja mgahawa kama mahali pa kuepuka na kilikuwa kinatokea juu kwenye Google. Australia gazeti moja liliuponda mgahawa wa Sydney mwaka 2003, kesi ikavutana zaidi ya miaka kumi na gazeti likaishia kulipa fidia kubwa. Thailand 2020 Mmarekani alilala rumande kwa sababu ya alichoandika kuhusu hoteli baada ya kugombana juu ya chupa ya pombe ya gin aliyokuja nayo mwenyewe. Nigeria 2023 mwanamke alikamatwa kwa kuandika Facebook kwamba nyanya ya kopo ina sukari sana. Falme za Kiarabu kumtukana mtu mtandaoni ni jinai kabisa, na ndugu zetu waliojaa Dubai walijue hilo kabla hawajaanza kuandika kwa hasira za usiku. Kwetu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo, Kenya nao Mahakama Kuu ilifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017 lakini sheria ya mitandao ya 2018 ikaja na vifungu vyake vya habari za uongo. Kinachokulinda kwa kiasi kikubwa ni kutofautisha ulichoonja na unachodai. "Nyama ilikuwa ngumu na sikuipenda" ni ulimi wako. "Wanauza nyama iliyooza" ni madai, na siku ya siku utaulizwa ushahidi uko wapi, uliipeleka maabara gani.

Jambo la mwisho ni sura ya mhudumu, na hapa klipu nyingi zinaniudhi hata zile ninazokubaliana nazo. Mtu anamulika kamera usoni kwa binti wa miaka 21, "dada hii ni nini hii, hebu waambie watu". Dada hakupanga bei, hakumnunua kuku, wala hakuamua jiko liwe na mpishi mmoja siku ya Jumamosi, na kesho akifukuzwa mwenye mgahawa ataandika kwamba tumechukua hatua, kuku abaki vile vile. Onyesha bili, onyesha menyu, onyesha saa uliyofika, inatosha.

Wenye migahawa nao wana kazi ndogo tu, wajibu. Juzi nimesoma mtu kalalamika kwa Kiswahili kizuri kabisa, samaki wa kupaka alifika wa baridi na bili ilikuwa na soda mbili ambazo hawakunywa, kamtaja mpaka na mtu aliyempokea kwamba alikuwa na adabu. Mgahawa ukamjibu kwa Kiingereza, yale majibu ya kunakili wanayowapa wageni, wakamshukuru kwa kuchagua Zanzibar na kumtakia safari njema ya kurudi nyumbani. Jamaa anakaa Mwanakwerekwe, hapo hapo Zanzibar.